Mwaka Karani Alipogeuka Barabarani

Wanaoandika kumbukumbu za maisha huwa watu wenye mvi, na huanza baada ya kukutana na rafiki wa zamani au baada ya kutoka mazishini. Mimi mvi sina, ila zile za chaki, na bado nina mitihani mbele yangu kabla serikali haijakubali kwamba nimesoma. Lakini rafiki wa zamani nimekutana naye. Ilikuwa Jumamosi iliyopita, nyuma ya jiko la shule. Alikuwa amefungwa kwenye mkokoteni wa maji, pembe yake moja imepinda kama mpini wa mwavuli, naye alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Jina lake mimi nililikumbuka mara moja. Anaitwa Karani, na ni maksai. Shule imemnunua ili avute pipa la maji kutoka mtoni, maana bomba letu lilikufa wakati wa kiangazi na hakuna aliyelifanyia matanga. Mpishi wetu, Mzee Ndung'u, amempa jina jipya, anamwita Simba, na anashangaa kwa nini hasikii. Hata mimi mtu akiniita Simba sitageuka. Sikumwambia Mzee Ndung'u kitu siku ile. Nilirudi bwenini, nikalala chali juu ya kitanda, na mwaka mzima ukanirudia, mwaka wa hamsini na saba, nilipokuwa na miaka kumi na minne na mji wa Nakuru umegawanyika pande mbili kwa sababu ya koo la mtu mmoja.

Nilivyofika Nakuru si hadithi ya leo. Nilifika na sanduku la bati, nikapokewa na dada yangu Rispa na mumewe, shemeji Elisha, katika nyumba za wafanyakazi wa reli ambazo wote tuliziita landi. Chumba kilikuwa kimoja, kimekatwa katikati na pazia la maua makubwa ya bluu. Upande wa ndani walilala wao, upande wa nje tulilala mimi, jiko la makaa, baiskeli na meza yenye kitambaa kilichofumwa na dada. Juu ya meza ile lilikaa gramafoni la kuzungusha kwa mkono, ambalo shemeji alinunua kwa fundi mmoja Mgoa aliyekuwa anahamishwa. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa bila kunawa mikono. Shemeji kazini alipeperusha bendera za treni, na Jumapili alipeperusha mikono mbele ya kwaya. Alikuwa mtu mwembamba, safi, mwenye sauti tamu kama uji uliotiwa sukari. Mfukoni mwake alitembea na kile kichuma cha pembe mbili cha kupatia noti. Alikigonga kwenye goti, akakisikiliza, kisha akatutazama sote kama watu waliochelewa. Mimi nilikuwa mwimbaji wake wa sauti ya juu kabisa. Aliniita filimbi ya Bwana. Hakujua kwamba siku sita nyingine za wiki filimbi hiyo ilikuwa ikimwigiza yeye nyuma ya choo cha shule, pamoja na kichuma chake, na wavulana wakicheka hadi wanashika matumbo.

Niliweza kumwiga kila mtu mjini. Nilimwiga karani wa posta, nikamwiga mhubiri, nikamwiga hata filimbi ya treni ya mizigo ikipanda kwenda Timboroa. Mtu mmoja tu alinishinda, naye ni Bwana Chumo. Alikuwa dereva wa ng'ombe katika shamba la mzungu upande wa Njoro. Mara moja kwa wiki alileta gari la mahindi kwenye kinu cha unga, likivutwa na maksai wanane. Alikuwa pia na gitaa, na nyimbo zake mwenyewe, alizozitunga akitembea nyuma ya plau. Mwaka uliotangulia, Bwana Lalji, Mhindi wa duka la santuri, alikuwa amemwimbisha mbele ya mashine yake, na santuri ikatoka. Siwezi kuieleza vizuri sauti ile. Ilikuwa kama debe tupu linaloburutwa juu ya changarawe na mtu asiye na haraka. Wengine walisema alimeza mfupa utotoni. Wengine walisema ni tumbaku, wengine laana ya mjomba. Yeye mwenyewe alisema ni ng'ombe. Ukiwapigia kelele maksai wanane tangu ujana wako, koo linajifunza lugha ya jembe. Mimi nilijaribu kuiga sauti hiyo wiki nzima, na kilichotoka ni paka aliyekanyagwa mkia. Koo langu lilikuwa bado safi mno.

Santuri ile haikumwacha mtu katikati. Mama Zaituni, mama wa Kinubi aliyekuwa na hoteli ya chai kando ya barabara ya kinu, aliipiga asubuhi hadi jioni. Alisema sauti tamu ni za watu wanaotaka kitu, na huyu hataki kitu, anakwambia tu. Watu wa kwaya walipita mbele ya hoteli wameziba masikio kwa vidole, huku wanakunywa chai papo hapo, maana mandazi yake hayakuwa na mpinzani. Makarani waliona aibu kwamba mtu wa shamba ameimba kwa niaba ya Nakuru, watu wa Kisumu watatuonaje. Wapakiaji wa magunia, kwa upande wao, walinyamaza kabisa wimbo ulipoanza, wakashika vikombe kwa mikono miwili. Nyumbani kwetu vita vilipita kwenye pazia. Nilikuwa nikilala nikimsikia shemeji akieleza kwa upole kwamba Mungu aliumba noti saba na mtu yule hajaikuta hata moja. Dada alikuwa akijibu kwamba yeye akimsikia Chumo anamwona baba yetu akirudi kutoka kulima, na je, kuna noti ya hiyo? Kisha shemeji, baada ya kufikiri sana: "Baba yenu alikuwa anaumwa kifua, Rispa. Si wimbo ule."

Ajali ya Karani, maksai wa mbele wa Chumo, ilitokea siku ya kinu. Nilikuwa nimetumwa mandazi, kwa hiyo niliona yote, na sitapata tena bahati kama hiyo duniani. Ni lazima kwanza uelewe jinsi maksai wanavyolimishwa. Hawavutwi kamba mdomoni kama punda. Wanasikiliza. Kila mmoja ana jina, na wa mbele ndiye anayebeba akili ya wote. Plau ikifika mwisho wa shamba, dereva humwambia wa mbele ageuke, na wengine saba wanamfuata. Sasa kiitikio cha santuri ya Chumo kilikuwa kile kile alichomwimbia Karani kila siku mwisho wa shamba:

*Karani, zunguka, mstari umekwisha,*
*zunguka, Karani, mwingine unangoja.*

Kwa watu ulikuwa wimbo. Asubuhi hiyo gari la mahindi lilikuwa linapita polepole mbele ya hoteli, Chumo anatembea kando yake na mjeledi begani, na Mama Zaituni, kwa heshima ya mgeni, akafungua milango yote na kuweka sindano juu ya santuri. Karani alisimamisha masikio. Kiitikio kilipofika, akageuka. Aligeuka kwa ustadi, kama afisa, na wale saba wakamfuata, na gari zima lenye magunia likakaa kukingama barabara ya Nakuru mbele ya lori la maziwa na askari mwenye baiskeli. Chumo akapiga kelele waende mbele. Kumbe masikini maksai walikuwa na akina Chumo wawili, mmoja barabarani mkali, mmoja hotelini mpole mwenye gitaa. Wakamtii mwenye gitaa. Kila mara Chumo wa barabarani alipofanikiwa kuwanyoosha, kiitikio kilirudi, na gari likageuka tena kuelekea Njoro. Askari akauliza ni nani amewaamuru ng'ombe hawa kugeuka kwenye barabara ya serikali. Mpakiaji mmoja akamwonyesha gramafoni kwa kidole. Askari alilitazama kwa muda mrefu, akapanda baiskeli yake, akaenda zake.

Kwa wiki kadhaa hapakuwa na mazungumzo mengine. Wapinzani walishangilia: si tuliwaambia hizi ni nyimbo za ng'ombe? Wapenzi nao walishangilia: hata ng'ombe ameelewa, nyinyi mmekwama wapi? Mimi niliigiza ajali nzima, sehemu zote, askari na lori pamoja, mara nyingi hata nikaanza kualikwa chai. Shemeji hakucheka. Alisema kwa upole wake kwamba kesi imekwisha. Na kwa Chumo ilikuwa karibu kwisha kweli, kwa sababu Bwana Lalji aliposikia kicheko cha mji alianza kuogopa. Alikuwa ameahidi kutoa santuri ya pili. Sasa akasema atangoja kwanza aone watu wanasemaje. Alitaka kumsikia Chumo mbele ya watu, katika ukumbi wa jamii, na ukumbi ulikuwa na kamati, na neno la mwisho la muziki katika kamati hiyo lilikuwa la shemeji Elisha.

Kwa hiyo Chumo akaja kwetu. Alikuja Jumapili baada ya ibada, amevaa koti zito la zamani lililofungwa vifungo vyote, akakalia sanduku langu la bati kwa sababu viti vilikuwa viwili. Dada alikuwa amechinja kuku. Nakumbuka harufu ya kitunguu, na mvuke wa ugali ukipanda hadi kwenye kalenda ya reli. Chumo alimwita shemeji mwalimu. Alieleza neno lake bila kulizungusha. Mzungu wake amenunua trakta, imefika, imefunikwa turubai, na mavuno yakiisha maksai wanapigwa mnada. Alitaka santuri ya pili itoke kabla ya mnada. Shemeji alimsikiliza, akapangusa midomo ambayo ilikuwa haijala kitu.

"Bwana Chumo," akasema, "mimi na wewe hatuna ugomvi. Ugomvi wangu uko na koo lako."

"Hata mimi nimekaa na hii koo miaka mingi, mwalimu. Naijua tabia yake. Sikuja kuomba uipende."

"Basi unaomba nini?"

Chumo alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono mipana, yenye nyufa nyeusi. "Hizi ng'ombe zimelima ile shamba yote," akasema. "Mtu akipita barabarani anaona mahindi, anasema, mahindi ya mzungu. Zikiuzwa, moja itaenda huku, ingine bucha, hakuna mtu atajua zilikuwa na jina. Nimetunga wimbo ya jina zao. Nataka ikae mahali."

Dada akaanza kupakua. Sasa, kwetu sisi, kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba. Mtu anaweza kukosa paja, anaweza kukosa mchuzi, lakini firigisi huenda kwenye sahani ya baba kama jua linavyoenda magharibi. Shemeji aligeuza vipande vyake kwa ncha ya kidole, kwanza polepole, halafu kwa haraka. Akainua macho. Firigisi ilikuwa kwa Chumo, ambaye kwao hawana sheria hiyo na alikuwa anaitafuna kwa furaha bila kujua kwamba anakula kiti cha enzi.

"Rispa," shemeji akasema taratibu, "sioni firigisi."

"Iko kwa mgeni," dada akajibu, na akamwongezea mgeni mchuzi.

Mimi niliinama chini ya meza nikijifanya nimeangusha kijiko, maana nilikuwa nakufa. Nilipotoka huko chini shemeji alikuwa amekwisha kushindwa, ila alishindwa kwa adabu. Alisema ukumbi utafunguliwa Jumamosi mchana, maana siku zile za hali ya hatari mikutano ya jioni haikuwa na ruhusa ya DC, mkuu wa wilaya. Kwaya itaimba kwanza. Chumo ataimba mwisho, ili watu wenye masikio wapate nafasi ya kwenda nyumbani.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Nje, chini ya mikaratusi, gari la mahindi lilisimama na maksai wake wanane, wametolewa nira. Bwana Lalji alikaa mbele na mwavuli katikati ya magoti, uso wake umefungwa kama duka siku ya sikukuu. Tuliimba, na tuliimba vizuri, mpaka tukafika mahali ambapo wengine wote hunyamaza na filimbi ya Bwana hupanda peke yake. Shemeji alininyooshea kidole chake chembamba. Nikafungua mdomo. Ninaapa sikuwa nimepanga utani wowote. Nilikuwa nimenawa, nimepaka mafuta, nilikuwa mtakatifu. Kilichotoka kooni mwangu kilikuwa debe tupu juu ya changarawe. Nilijaribu tena, likaburutwa tena. Utoto wangu ulikuwa umechagua mchana ule kuondoka, bila hata kuaga. Ukumbi ulianguka kwa kicheko, na mpakiaji mmoja huko nyuma akapaza sauti kwamba Chumo amepata mtoto. Shemeji akabaki na kidole kimenyooka hewani. Kisha akakishusha, na nilimwona, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akiuma mdomo asicheke.

Chumo alipanda watu wakiwa bado wanafuta machozi. Hakusalimia. Alipiga gitaa mara chache, akaanza kuwataja. Alimtaja Siasa, asiyekubali nira mpaka abembelezwe. Alimtaja Daktari, aliyejua mguu gani unauma kabla mwenye mguu hajajua. Alimtaja Kaptula mwenye miguu mifupi, na Sukari aliyekuwa mchungu. Kila mmoja na ubeti wake, na katikati ya kila mmoja kile kiitikio. Watu wa kwaya walisimama waondoke, kama walivyoahidiana. Walifika mlangoni. Hapo nikaona jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria darasani nacheka peke yangu: hawakutoka. Walisimama kizingitini wakibishana kwa kunong'ona jinsi sauti ilivyo mbaya, na kila mmoja akimwambia mwenzake anyamaze kidogo asikie vizuri mahali ilipo mbaya zaidi. Mama Zaituni alikuwa analia wazi wazi. Karani wa posta alitikisa kichwa kukataa na mguu wake ulitikisika kukubali. Wimbo ulipokwisha nusu ya ukumbi ilipiga makofi, nusu ilizomea, na wote wakageukiana kwa hasira nzuri kama watu wa mpira. Bwana Lalji aliinuka, akafungua uso.

"Kesho tunaimbisha hii," akasema. Shemeji, kwa sauti ya mtu anayetoa ushauri tu, akamkumbusha kwamba nusu ya watu hawaipendi. Bwana Lalji akamtazama kwa huruma. "Mwalimu, wimbo ambayo wote napenda, mtu moja nanunua, jirani yote nasikiliza bure. Wimbo ya kugombana, huyu nanunua kwa sababu napenda, na yule nanunua apate kuonyesha watu vile ni mbaya."

Waliimbisha katika chumba cha nyuma cha hoteli, kuta zimetundikwa mablanketi, sisi wengine tumekatazwa hata kukohoa. Maksai walikuwa uani, wamefungwa kwenye gari. Hakuna aliyekumbuka kuwatoa nira. Ndiyo maana, ukiweka sikio karibu na santuri ile mwisho kabisa, gitaa likishanyamaza, unasikia gurudumu likilia taratibu. Huyo ni Karani, anageuka.

Na shemeji alikuwa miongoni mwa wanunuzi wa kwanza. Alisema ni kwa ajili ya mafunzo, wanakwaya wapate kusikia kosa likoje. Basi kila Jumapili, baada ya chakula, alinawa mikono, akazungusha gramafoni, na akatufundisha kosa hilo tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akaligeuza upande wa pili. Nilimsikia usiku mmoja nyuma ya pazia akilivumisha kosa lenyewe puani. Firigisi ilirudi kwenye sahani ya shemeji tangu wiki ile. Mimi alinihamishia nyuma, kwa sauti nzito, na akaacha kuniita filimbi. Wavulana shuleni nao walikuta kwamba sasa naweza kumwiga Chumo bila kujitahidi. Utani mwingine wote ulipungua ladha baada ya hapo. Mtu akishapata sauti yake mwenyewe, hata kama ni ya changarawe, anazembea kuiba za wengine.

Mnada ulifanyika kabla ya Krismasi. Chumo aliwapeleka mwenyewe, hakutaka mtu mwingine awaongoze. Hakujua walikokwenda baada ya kuuzwa. Siku hizi anapakia mawe meupe kule Kariandusi, akitoka kazini unadhani ameanguka kwenye pipa la unga. Jumapili anapiga gitaa chini ya mlima, na watu wa Elmenteita nao wamegawanyika sawasawa. Nilimwona likizo iliyopita. Alikuwa amenenepa kidogo. Aliniuliza sauti yangu inaendeleaje, kama mtu anayeuliza habari ya mtoto wa ndugu yake. Likizo ijayo nitakuwa na habari ya kumpa.

Maana jana jioni nilirudi nyuma ya jiko. Mkokoteni ulikuwa umekwama mlangoni, pipa limejaa, Mzee Ndung'u anasukuma pembe na kumsihi Simba ageuke aingie uani, wavulana wamekusanyika kutoa ushauri usioombwa. Nilimwambia mzee asogee. Akaniuliza kama baba yangu ni ng'ombe. Nikavuta pumzi, nikafungua koo, nikaimba kiitikio kama nilivyokisikia ukumbini. Masikio yakasimama. Yule mzee mwenye pembe moja iliyopinda akajikusanya, akazunguka polepole, kwa ustadi, kama afisa, na mkokoteni ukaingia uani bila kumwaga hata kikombe. Kisha akasimama na kunitazama, halafu akatazama nyuma yangu, kama kuna mtu mwingine aliyepaswa kuwa hapo.

Wavulana walikwisha kuanza kugombana. Mmoja alisema hajapata kusikia uchungu kama ule katika wimbo, mwingine akasema apelekwe hospitali aliyeimba. Mzee Ndung'u alijipangusa mikono kwenye aproni.

"Hiyo sauti ni mbaya kabisa," akasema. Alifikiri kidogo, akaketi juu ya gogo la kuni. "Hebu rudia."